Ule mstari wa milimita kwenye ripoti ya melanoma

Mteja akishachukua ripoti ya melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, hapa maabara, swali lake huwa moja tu: "Imesambaa?" Kipande cha ngozi peke yake hakiwezi kulijibu, lakini kinaonyesha hatari ilivyo, na dokezo kubwa liko kwenye mstari ambao wengi wanauruka: unene wa Breslow.

Tunaupima kwa rula iliyomo ndani ya hadubini, kuanzia tabaka la chembechembe karibu na juu ya ngozi hadi seli ya saratani iliyozama kuliko zote. Alexander Breslow, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu kipimo hiki mwaka 1970 na bado ndicho tunachokitazama kwanza. Chini ya milimita 0.8, bila kidonda juu yake, matumaini ni makubwa. Ikipita 4, hali ni nyingine kabisa. Uvimbe ukiwa umechimbika kidonda, daraja la hatari linapanda hata unene ukiwa ule ule.

Rangi maalumu tunazopaka kwenye kipande, kama S100 na SOX10, zinatusaidia kutofautisha melanoma na saratani nyingine. Kutabiri si kazi yake. Kipimo cha BRAF, kinachotafuta badiliko kwenye jeni ya jina hilo, ni cha kuchagulia dawa. Kwetu sisi weusi melanoma hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, na aina hiyo mara nyingi haina badiliko la BRAF, kwa hiyo usikilipie kabla daktari hajakiagiza.

Hivi karibuni tuliletewa kipande cha kisigino kimekwanguliwa juu juu, kinaelea kwenye maji ya dripu. Kitako cha uvimbe kilibaki mguuni kwa mgonjwa. Tuliandika "angalau milimita 1.1", na kwa hilo neno "angalau" alirudi kukatwa tena.

Kama baka ni dogo, mwombe daktari alitoe lote, na ukingo kidogo wa ngozi isiyo na ugonjwa, hadi kwenye mafuta. Liingie papo hapo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande. Chupa iwe ya mdomo mpana, maana nyama hukakamaa humo na kwenye shingo nyembamba haitoki bila kuchanika. Jina liandikwe ubavuni. Kifuniko na chupa huachana mezani.