Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: Yaandikeni Masharti ya Intaneti ya Setilaiti, Kisha Tupeni Jibu

Mbamba Bay, Wilaya ya Nyasa,
Mkoa wa Ruvuma.
27 Mei 2024

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,
Dodoma.

Yah: Leseni kwa makampuni ya nje yanayotoa intaneti ya setilaiti

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari hapa Mbamba Bay. Nina kompyuta mbili, printa moja na mashine ya kutoa nakala niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, na kwa miaka kadhaa sasa watu wa mwambao huu wamekuwa wakiniletea shida zao zote zinazopitia kwenye mtandao: maombi ya ajira, mikopo ya elimu ya juu, vyeti vya kuzaliwa, malipo ya serikali. Suala la leseni hizo, ambazo bado hazijatolewa, nililivumilia kimya kwa muda mrefu, kwa sababu niliamini wenye dhamana wanalifanyia kazi. Yaliyotokea mwezi huu yamenimaliza uvumilivu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei intaneti ilizima nchi nzima. Wewe na wataalamu wako mlitueleza kesho yake kwamba hitilafu ilikuwa baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ambako mikongo ya SEACOM na EASSy, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika kwa pamoja. Nashukuru kwa maelezo hayo. Lakini siku hiyohiyo ya Jumatatu, kabla ya saa tatu asubuhi, alifika dukani kwangu mama mmoja kutoka Liuli, amepanda bodaboda tangu alfajiri, mkononi ana bahasha ya kaki yenye shilingi 180,000. Kijana wake yuko chuo, na chuo hakimruhusu mwanafunzi anayedaiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani. Deni lilitakiwa kulipwa kwa namba ya malipo ambayo hutolewa kwenye mfumo wa chuo tu. Nikafungua ukurasa, kiduara kikaanza kuzunguka. Nikazima modemu, nikaiwasha. Nikabadilisha laini, nikaweka ya mtandao mwingine, kisha ya mwingine tena, kwa sababu ninazo tatu kwa ajili ya siku kama hizo. Zote tatu zilikuwa zinatazamia bahari ileile. Mama alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja jioni, bahasha ikiwa mapajani, akiniuliza kila baada ya muda, "Mwanangu, bado?" Namba ilipatikana Jumatano mchana, wakati mtihani wa asubuhi umeshapita. Kijana atasubiri awamu nyingine ili aufanye mtihani huo mmoja.

Kwa upande wangu, wiki ile kifurushi nilichokilipia kiliisha muda wake bila kutumika, na rejesho la kikoba nililitoa kwenye akiba ya ada ya mtoto. Hakuna aliyenifidia, wala sijaona mahali pa kudai.

Mheshimiwa Waziri, hoja ambayo tumekuwa tukiisikia kila intaneti ya setilaiti inapotajwa ni usalama wa taifa. Mimi sidharau hoja hiyo hata kidogo. Najua kwamba mawasiliano yanayopita angani, kutoka kwenye dishi lililo juu ya paa hadi setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 550, yanaweza kuteremkia kwenye kituo cha ardhini kilichoko nchi nyingine kabisa, nje ya mkono wa sheria zetu. Najua kwamba Kongo ilipiga marufuku matumizi ya Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ya kampuni ya Elon Musk, mwezi Machi mwaka huu, kwa sababu ina vita mashariki na haitaki waasi wapate njia ya mawasiliano isiyoonekana. Na Septemba mwaka jana Elon Musk mwenyewe alikiri hadharani kwamba alikataa ombi la Ukraine la kuwasha huduma hiyo hadi Sevastopol, mji wa bandari ulioko Crimea. Mfanyabiashara mmoja aliamua mahali ambapo mawasiliano ya nchi iliyo vitani yatafika na mahali ambapo hayatafika. Taifa lolote lenye akili lazima lijiulize maswali kuhusu jambo hilo.

Ila tarehe 12 Mei nayo ilikuwa suala la usalama wa taifa. Mwishoni mwa Februari mikongo ilikatika kule Bahari ya Shamu, ikiwemo SEACOM, na tangu hapo upande wa kaskazini ulikuwa umeshalegea. Ilipokatika na upande wa kusini, nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 ikabaki inahemea njia chache zilizosalia. Mikongo ile haikukatwa na adui. Je, siku ambayo adui atataka kuikata, tutakuwa na nini? Ninachokisema ni kwamba nchi isiyo na njia ya pili imejiweka hatarini yenyewe, na hatari hiyo inapaswa kupimwa kwenye mizani ileile inayopimia hatari ya dishi la kigeni.

Novemba mwaka jana nilivuka ziwa kwenda Nkhata Bay, upande wa Malawi, kumzika shangazi. Nyumba ya wageni niliyolala ilikuwa ya bati la kawaida, umeme unakatika kila jioni, lakini juu ya paa palikuwa na dishi jeupe lisilozidi ukubwa wa ungo wa kupepetea mchele, waya wake umepitishwa dirishani, na betri ya sola chini ya meza. Vijana wa mtaani walikuwa wamekaa barazani wanafanya maombi ya vyuo. Wanavua usipa uleule tunaovua sisi, kwenye maji yaleyale. Malawi walianza huduma hiyo Julai 2023, mwezi mmoja na Kenya. Rwanda ilitangulia Februari mwaka huohuo, Msumbiji Juni, Zambia Oktoba. Kati ya nchi nane tunazopakana nazo, tano zimeshairuhusu. Sidhani kwamba serikali hizo tano hazipendi usalama wa mataifa yao.

Na masharti ya kuwabana hao wageni tunayo tayari. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ipo tangu 2010. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, na Tume yake Mheshimiwa Rais ameizindua mwezi uliopita tu. Laini za simu tulisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, wazee wetu wakapanga foleni juani, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Kinashindikana nini kusajili dishi kwa utaratibu uleule, kuitaka kampuni ifungue ofisi hapa nchini yenye mtu wa kuwajibika mahakamani, na kuitaka ijenge kituo cha ardhini ndani ya mipaka yetu ili mawasiliano ya Watanzania yapite hapo kabla hayajaenda kokote? Ikikataa, tangazeni kwamba imekataa, nasi tutaelewa. Kinachotuumiza ni kwamba hatuambiwi ni sharti gani limekwama na limekwama kwa nani.

Tena kimya hiki kinaharibu hata huo usalama wenyewe. Madishi yaliyosajiliwa nchi jirani hubebeka kwenye begi la mgongoni, na mipaka yetu, Mheshimiwa, ni maji na misitu. Anayeingiza kwa magendo hana namba ya NIDA, halipi kodi, wala hakuna anayejua anawasiliana na nani. Mwalimu na muuguzi wanaotaka kufuata sheria ndio wanaokosa.

Nitasema na hili, ingawa ni maneno ya vijiweni: wengi huku wanaamini kwamba kinachochelewesha leseni ni makampuni ya simu yanayohofia kupoteza wateja, na kwamba usalama ni kisingizio. Sina ushahidi, na natamani isiwe kweli. Lakini mahali pasipo na maelezo, watu hujitungia yao, na ni wewe unayeweza kuyakomesha kwa kutoa maelezo ya maandishi.

Nakukumbusha pia kwamba tarehe 13 Mei 2023, pale Dodoma, mbele ya Mheshimiwa Rais, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Tulishangilia. Mwaka mmoja kamili baadaye, siku ileile ya tarehe 13 Mei, mimi nilikuwa nimekaa na yule mama kwenye benchi. Minara tunaihitaji na tunaisubiri, lakini mnara wa Ruvuma nao mwisho wake unategemea mkongo uliozama baharini.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Kabla Bunge la Bajeti halijaahirishwa mwezi ujao, wizara iyaandike na kuyachapisha masharti ambayo kampuni yoyote ya intaneti ya setilaiti inatakiwa kuyatimiza ili ipewe leseni Tanzania, pamoja na yale ya usalama kwa kiasi kinachoweza kusemwa hadharani, na itaje muda wa mwisho wa kutoa uamuzi. Ikiwa uamuzi ni ndiyo, tujue. Ikiwa ni hapana, tujue pia, ili niache kumwambia kila anayeingia dukani kwamba labda mwaka huu.

Yule mama wa Liuli amenipigia jana. Awamu nyingine ya mtihani imepangwa, na ameniuliza kama safari hii mtandao utakuwepo. Nilishindwa kumjibu, Mheshimiwa Waziri. Naomba unisaidie kumjibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Mbamba Bay