Barua ya wazi kwa mjomba: mpwa wako ametoka gereza la Lilungu

Shikamoo mjomba. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si letu peke yetu. Huko Tandahimba na Newala zipo nyumba nyingine zenye kijana aliyetoka gerezani akakosa wa kumkaribisha.

Kaka alifungwa miaka 3 kwa wizi wa korosho. Ametumikia 2, theluthi moja ikaondolewa kwa nidhamu njema kama sheria ya magereza inavyoruhusu. Na serikali wamemalizana. Bado kijiji, na huko hawezi kufika bila wewe. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Ulimpeleka jandoni, na mashamba ya ukoo unayagawa wewe. Ukinyamaza, watu wanajua umemkana.

Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba ya mama anachonga mpini wa jembe. Useremala kajifunzia huko huko ndani. Mpini umenyooka, laini, ukipitisha kiganja hupati hata kibanzi. Alipomaliza akauegemeza ukutani, maana shamba la kuupeleka hana. Dukani haendi mpaka giza liingie. Kijana mwenye mikono ile akae bure wakati wenzake wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga! Inaniuma sana, mjomba.

Nakuomba umpe ile mikorosho ya bondeni iliyozidiwa na majani. Aipalilie, aipulizie, na korosho zikianza kudondoka mwezi wa kumi azipeleke chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima, kwa jina lake. Malipo yanapitia benki, kwa hiyo habari ya kitambulisho na akaunti niachie mimi, nitaifuatilia naye hapa Mtwara mjini.

Ila shamba tu halitoshi. Yule mzee aliyeibiwa bado ana kinyongo, na ana haki nacho. Mpeleke kaka kwake wewe mwenyewe, aombe radhi mkiwapo, mkubaliane fidia itakayotoka kwenye mauzo ya kwanza. Askari magereza hawezi kutufanyia hilo.

Najua unahofia atarudia. Hata mimi hofu hiyo ninayo. Lakini tukimtenga, watakaomwita ni wale wale aliokuwa nao siku ile, nao hawahitaji kumuuliza ametoka wapi.

Jumamosi nakuja. Tafadhali mpelekee mzee salamu kabla sijafika, ajue tunakwenda kwake sote watatu, na mwenyekiti wa kijiji awepo kama shahidi.