Marudio ya All In jana, maoni yangu
Wana, habari za asubuhi, asanteni sana mliofika Sinza jana kuangalia marudio ya All In ya 2018, ile shoo ya mieleka ambayo wanamieleka Cody na Young Bucks (ndugu wawili wanaopigana kama timu) waliiandaa wenyewe karibu na Chicago bila kampuni kubwa nyuma yao na wakajaza watu zaidi ya elfu 10. Kwangu mimi pambano bora la usiku ule ni Cody na Nick Aldis, sarakasi hazikuwa nyingi ila ule mkanda wa ubingwa wa NWA (chama cha mieleka cha siku nyingi) baba yake Cody, Dusty Rhodes, aliwahi kuubeba, kwahiyo kila pigo lilikuwa na uzito, Cody anavuja damu, mkewe Brandi akamlalia kumkinga akala kiwiko yeye, aisee nilisimama. Omega na Penta moto, halafu taa zikazimika, zilipowaka Jericho kavaa kama Penta kamvamia Omega! Okada na Scurll nzuri ila walirefusha mno, ndo maana pambano la mwisho la akina Rey Mysterio lilikimbizwa, inauma kweli maana lile lilistahili dakika zake. Nyie mechi gani imewakosha? Tumeni voisi, Jumamosi tunaanza saa 2 usiku palepale.