Shukrani kwa mzee wa boti ya Mkoani

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikulipata. Ulishuka Mkoani, Pemba, na kikapu chako kabla sijafunga kompyuta. Mimi ni yule kijana wa kiti cha pembeni, niliyekuwa nikiunda roketi kwenye mchezo.

Roketi yenyewe ni Sea Dragon. Robert Truax aliibuni Marekani mwaka 1962, na haikujengwa kamwe: urefu mita 150, upana mita 23, ya kupandisha mzigo wa tani 550 hivi angani. Alitaka iundwe kwa chuma kama meli, ikokotwe hadi baharini ikiwa imelala, kisha isimame majini na kuruka kutoka hapo hapo. Kwenye kusimama ndipo yangu ilipogoma. Ilielea kwa ubavu kama gogo.

Ulitazama kimya (hukuniuliza mchezo huu una faida gani, swali la kila mtu), ukasema: "Itie farumi, chini kabisa." Yaani uzito wa kutuliza chombo. Basi. Na ndivyo Truax alivyopanga: tangi la farumi chini ya injini, linajazwa maji, mkia unazama, pua inatazama juu. Kabla boti haijafunga gati yangu ikasimama, ikaruka.

Sasa naunda roketi ya N1 ya Wasovieti, injini 30 kwenye hatua ya kwanza, ile sehemu ya chini inayowaka mwanzo. Ya kweli ilirushwa mara 4, kati ya 1969 na 1972, zote zikashindwa. Hiyo ni ya nchi kavu, lakini maoni yako nayataka vilevile.

Ahsante sana mzee wangu, Mungu akulipe kheri. Tukikutana tena botini, kahawa ni juu yangu.