Saa 72 hazingoji Jumatatu

Mhariri,

Niliisoma ile habari yenu ya semina ya wasindikizaji wapya wa mama na wasichana waliobakwa, iliyofanyika katika hoteli ya kando ya ziwa, pamoja na picha ya washiriki wakiinua brevé zao, yaani vyeti. Sijawahi kuliandikia gazeti. Tangu vita vya 1996 nimeona na kusikia mengi katika mji huu wa Bukavu, nikanyamaza na kuendelea na cherehani yangu. Safari hii imenishinda.

Mlituandikia nani alifungua semina, nani aliifunga, na nani alitoa neno la shukrani kwa niaba ya washiriki. Walichofundishwa hamkukiandika.

Nauliza kwa sababu mmoja wa waliopita katika semina za namna hiyo alifika uani kwetu, mtaa wa Cimpunda hapa Kadutu. Binti wa mpangaji wa nyumba ya nyuma alivamiwa Jumamosi jioni akitoka kuchota maji. Usiku huohuo mama yake aligonga kwangu, maana simu yangu ilikuwa na yunite za kupigia, na namba ya msindikizaji nilikuwa nimeinakili kwenye bango la kituo cha afya. Nikapiga. Akapokea msichana mwenye sauti ya adabu: “Poleni sana mama. Msimwogeshe. Ofisi inafunguliwa Jumatatu saa mbili.” Hilo la kutomwogesha lilikuwa sahihi. Mengine nayaeleza hapa chini.

Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila zinapowahi ndipo zinapofaa zaidi. Kisha mtu anazimeza siku 28 mfululizo. Dawa ya kuzuia mimba ina mpaka saa 120, nayo inapoteza nguvu kadiri unavyochelewa. Sasa hesabuni wenyewe. Aliyevamiwa Jumamosi jioni, Jumatatu saa mbili asubuhi zaidi ya nusu ya zile saa 72 zimekwisha, na bado hajapanda pikipiki, bado hajapangwa kwenye foleni, bado muganga mwenye ufunguo wa kabati hajafika. Na kabati lenyewe siku hizi lina nafasi nyingi, tangu Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025. Hayo si mambo ya chuo kikuu. Yangeandikwa kwenye ukuta wa ile hoteli kwa mkaa, washiriki wakayaimba asubuhi na jioni mpaka wahudumu wa chai wayashike.

Tulimpeleka wenyewe hospitali ya Panzi Jumapili asubuhi, yeye katikati, mama yake nyuma, mimi kwenye pikipiki ya pili. Dawa alipata.

Msindikizaji alikuja Jumanne. Alikuja na gari jeupe la shirika ambalo halikuweza kuingia kwenye kichochoro chetu, likabaki limeziba njia na watoto wakalizunguka. Akashuka, akavaa jile, kile kizibao cha shirika. Mgongoni kulikuwa na maandishi makubwa, ya kusomeka kutoka ng’ambo ya bonde: jina la shirika, na chini yake kwamba wanapambana na ubakaji. Akamuuliza mama muuza makala, yaani mkaa, kwetu ni wapi. Mama muuza makala akanyoosha kidole. Basi, ndani ya muda wa kushuka ngazi za udongo avenyi nzima, yaani barabara yetu yote, ilikuwa imejua kilichompata mtoto yule, ambacho sisi tulikificha tangu Jumamosi kwa kusema ana malaria. Akaketi kwenye benchi, akatoa fishi, yaani fomu ya maswali, yenye karatasi nyingi zilizobanwa, akaanza. Walikuwa wangapi. Alimfahamu. Alivaa nini. Alipiga kelele? Kama hakupiga, kwa nini? Mdogo wake yuko hatua mbili pale, anachagua maharagwe kwenye sinia, ameacha kuchagua. Binti anaitazama ile kalamu, hajibu. Nikamwambia, “Mwanangu, hayo yote ameshamwambia daktari, na yameandikwa.” Akanijibu kwa upole kabisa kwamba fishi isipojaa, ofisini itahesabika kwamba hakufanya kazi.

Simchukii. Ni binti wa watu, ana diploma, kazi hamna, akapata nafasi akaishika. Alifundishwa kujaza na amejaza. Nawauliza waliomfundisha: katika siku zile za sukre (soda) ya baridi na perdiemu, kuna saa hata moja aliyofundishwa kunyamaza? Kukaa kando ya mtu asiyesema, bila kuchukua kalamu? Kuingia katika uwanja wa watu kama shangazi aliyekuja kusalimia, na ndizi mkononi?

Na wanaojua kazi hii hawako mbali. Pale Panzi, hospitali iliyoanzishwa 1999 na ambayo daktari wake mkuu alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, kuna wale tunaowaita Mama Chéri, wanaokaa na mgonjwa tangu anapoingia. Kuna waliosimama na familia za kijiji cha Kavumu tangu watoto wadogo walipoanza kuchukuliwa usiku na kubakwa mwaka 2013, mpaka Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilipomhukumu mbunge wa jimbo na watu wake kifungo cha maisha. Miaka yote hiyo kuna mtu alikuwa anapanda na kushuka na wale wazazi, anawakumbusha tarehe, anawatafutia nauli, anawazuia kukata tamaa. Kwa nini hao hawakualikwa kufundisha? Au walialikwa, nanyi mkawapiga picha wale walioketi meza ya mbele tu?

Nikifika kwenye picha, nina la kwenu pia. Katika ile picha ya pili mmemweka mama mmoja aliyetoa ushuhuda, amegeuza mgongo, na kichwa mmekifunika kwa weusi. Ahsante. Nguo je? Kitenge cha njano chenye majani ya buluu, mikono ya kuvimba, kishono cha mgongoni kimekatwa kwa pembe tatu na kamba mbili. Mhariri, ile nguo niliishona mimi. Si mimi peke yangu ninayeijua: wanaijua wote wanaosali naye, wanaouza naye Kadutu, na mume wake. Mmeficha kile ambacho watu wa mbali wasingekijua hata hivyo, mkaacha kile ambacho watu wa karibu wanakijua kabisa.

Lakini lililonitoa machozi ya hasira ni jingine, nalo hamlitaji kamwe mnapoandika habari hizi, kana kwamba kila mbakaji anatoka msituni na bunduki. Huyu wa kwetu hakuwa na bunduki. Ni kijana wa avenyi ya juu, na baba yake anafahamika. Kabla hata zile siku 28 za vidonge hazijaisha, wazee walikuja na shefu wa avenyi, wameketi kwenye viti vyangu (viti nilivyokopesha mimi mwenyewe, bila kuambiwa ni vya nini), wakasema mambo haya hufaa yaishe nyumbani, kesi inaharibu jina la msichana, na watu wa kule juu wako tayari kutoa mbuzi na pesa kidogo ya “kumtunza”. Shefu akanywa bia ya wageni. Nikampigia msindikizaji simu, maana nilidhani hapa ndipo kazi yake inapoanza. Akaniambia mambo ya sheria yana mtu mwingine, na huyo mtu mwingine yuko kwenye semina. Kwenye semina, mhariri! Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 iko wazi: kesi ya ubakaji haizimwi kwa faini ya kupatana, uchunguzi wa mwanzo usizidi mwezi mmoja, na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Mimi mshonaji nayajua haya kwa kusikiliza redio nikiwa nakanyaga cherehani. Yule aliyepewa brevé hakuyajua, au aliyajua akaogopa kumwambia shefu. Najua mtanijibu kwamba tangu M23 walipouteka mji Februari 2025 mtu hajui hata agonge mlango wa hakimu gani. Sawa. Ila mbuzi alikuwa anakubaliwa hata majaji walipokuwa wamejaa ofisini, na sheria hiyo ilikuwa hai tangu wakati huo. Yule mama alimpokea mbuzi. Alikuwa na kodi ya miezi ya nyuma, na hakuna mtu wa upande wake aliyekuwa ameketi pale isipokuwa mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo semina ijayo isifanyike hotelini. Wawapeleke washiriki kwenye kituo cha afya cha juu Cimpunda, Jumamosi saa nne ya usiku, umeme ukiwa umekatika na muganga wa zamu amelala. Kila mmoja apewe simu isiyo na yunite na franka za pikipiki ya kwenda tu. Aoneshe atakavyomfikisha mtu Panzi kabla ya mapambazuko bila jirani hata mmoja kujua ni nani na kwa nini. Asubuhi aketi na shefu wa avenyi, mbuzi amefungwa hapo nje, amweleze kwa heshima zote kwa nini mbuzi arudi kwao. Atakayeweza yote mawili apewe brevé, na mimi nitakuja kumpigia vigelegele. Mwalimu wa semina aanze yeye, wengine waone.

Hoteli iwarudishie pesa za ukumbi, nao wanunue yunite.

Na zile jile waniletee. Maandishi ya mgongoni yanafumuka kwa wembe, na sitadai malipo.

Mama mshonaji,
Kadutu, Bukavu
(Jina langu mnalo, msilichape.)