Kikofia cha spika si pambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo mafundi wenzangu tunaofufua redio kaseti za miaka ya 1980. Spika ikija na kikofia cha katikati kilichobonyea, wengi hukibandua na kubandika chochote kinachong'aa. Jamani! Kile kikofia kinaziba upenyo mwembamba kati ya koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, na sumaku. Chembe ya chuma ikiingia humo, spika inakwaruza. Na uzito wake ni sehemu ya sauti: weka kizito, sauti nyembamba zinafifia.

Kikiwa kimebonyea tu, jaribu kwanza kukivuta taratibu kwa tepu. Kikiwa kimechanika, pima duara la gundi ya zamani kwenye koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, maana kikofia chenyewe kimeshapinda. Ukikitoa, funika upenyo papo hapo, sumaku haichagui inachovuta. Gundi iwe kidogo. Ikichuruzika ndani, koili inakwama.

Zile pete za fedha zinazozunguka spika, nyingi ni plastiki iliyopakwa kromu. Msasa ni adui yake, maji ya sabuni yanatosha. Na tafadhali, msizipake rangi ya dhahabu. Nimeziona, zinatia huruma.

Fundi redio mstaafu