Risala ya Wanafunzi wa Hisabati kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Hisabati, 14 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Uongozi wa Chuo,
Wahadhiri wetu,
Wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hata tukakutana leo. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Karibu sana.

Chama chetu kilianzishwa na wanafunzi wachache waliokuwa wakijisomea chini ya mwembe, na leo kina wanachama katika kila mwaka wa masomo. Mafanikio ni makubwa. Tunafundisha hisabati bure siku za Jumamosi katika sekondari za jirani, gazeti letu la ukutani linasomwa hadi na wanasheria, na timu yetu imeshika nafasi ya pili katika mashindano ya hapa chuoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maadhimisho ya mwaka huu tumeyafanya kwa heshima ya Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Berlin, na mwaka 1986 akahitimu uzamivu kwa utafiti wa namna vimiminika visivyofuata kanuni ya Newton ya mnato, yaani ya uzito wa kutiririka, vinavyopita ndani ya bomba. Akafundisha Dar es Salaam, akawa mkurugenzi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na baadaye akahamia Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Njiani hakuacha kuwapigania wasichana wasiikimbie hisabati.

Siku hizi kazi ya msomi hupimwa kwa kunukuliwa. Kipimo kinachotajwa sana ni faharisi ya h, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 10 ana maandiko 10 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 10. Katika hisabati namba hizi hupanda taratibu kuliko katika tiba, maana orodha zetu za marejeo ni fupi na uthibitisho huchukua muda mrefu kuhakikiwa. Hilo tunalipokea. Linalotuuma ni andiko zuri kukosa kunukuliwa kwa kuwa halionekani.

Mheshimiwa, tasnifu za walimu wetu na za kaka na dada zetu waliotutangulia zimo katika chumba cha chini cha maktaba, nakala moja moja. Masika yakifika, maji huingia. Mtafiti aliyeko Mwanza au Bujumbura akiitaka mojawapo, hana budi kupanda basi. Nani atanukuu asichokiona? Mwaka 2002 mwanahisabati Grigori Perelman wa Urusi aliweka kwenye arXiv, hifadhi ya intaneti isiyolipiwa, andiko lake lililofungua njia ya kuthibitisha dhana ya Poincaré, fumbo la siku nyingi kuhusu maumbo. Hakulipeleka katika jarida lolote. Wataalamu wa dunia nzima walilisoma na kulihakiki, na mwaka 2006 akatunukiwa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, ingawa aliikataa.

Tunachoomba, ili tasnifu hizi nazo zisomwe kwenye intaneti, ni skana ya kasi, seva moja ya kuzihifadhi, na fundi wa kuisimamia. Kazi ya kupiga skani na kuingiza taarifa za kila tasnifu tutaifanya wenyewe, bila posho. Makadirio ya gharama yamo ndani ya bahasha uliyokabidhiwa mlangoni.

Ombi hili si geni, Mheshimiwa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi seva mbele ya umati kama huu, tukapiga makofi na picha. Tulipofuatilia kwa barua, tukajibiwa kwamba suala liko kwenye mchakato. Wa mwaka jana alisema atalibeba yeye binafsi. Chumba cha seva tulikwisha kukipaka rangi na kukifungia feni. Leo kimejaa viti vibovu. Hatuyasemi haya kwa kukuvunjia heshima. Tunayasema kwa sababu neno lako tunalithamini, na kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, utakapolitoa, utaje na tarehe pamoja na ofisi tutakayoiendea.

Yapo mahitaji mengine, kama projekta na ubao wa ukumbi huu. Hayo yanaweza kusubiri. Tasnifu haziwezi, kwa kuwa mvua zimekwisha kuanza.

Tunaomba kuwasilisha.